Daftari la Maombi

Wairimu, mami,

Umeenda kusukwa, na yule msusi wako wa Gatongora hana haraka na kichwa cha mtu, kwa hivyo nina mchana mzima peke yangu. Kesho unaruka. Nimeketi kwenye meza ya jikoni, hapa uliposomea mitihani yako yote, na sanduku lako liko sebuleni limefura mpaka zipu inalia. Sitakuandikia mambo ya sweta na dawa za malaria. Shangazi zako wamekwambia hayo tangu Alhamisi, na kila mmoja amekwambia kama ndiye aliyeyavumbua.

Nakuandikia kwa sababu ya daftari.

Wiki jana ulinionyesha mpango wako wa kazi kwenye kompyuta, ule utakaowapelekea wakubwa wa kampuni ukishafika Malawi na kufungua hicho kiwanda chao kipya cha njugu za makadamia. Nilisoma yote, hata yale ya michoro na mishale. Kwenye ukurasa wa tatu umeandika kwamba kila asubuhi, kabla mkanda haujawashwa, kutakuwa na dakika kumi za maombi, na kila mfanyakazi atatoa hitaji lake. Ukacheka ukaniambia, "Mum, hii nimetoa kwako. Inashinda zile michezo za kuvuta kamba. Watu wataniamini haraka." Halafu ukaniomba daftari langu la maombi, lile la kava la buluu, ukawaonyeshe wanawake wa huko vile mama yako alikuwa akifanya. Nikakuambia nitalitafuta. Huo ulikuwa uongo. Najua liko wapi, nimejua liko wapi kila siku kwa miaka kumi na minne.

Kiwanda chetu cha Thika wewe unakijua kama mtoto. Ulikuja likizo, ukavishwa kofia ya nywele iliyokufunika mpaka puani, ukapewa njugu za kuvunjika ule hadi ukaumwa na tumbo. Ulituona wanawake sitini kwenye mkanda, tukichagua njugu kwa macho na vidole: nyeupe huku, yenye doa kule, ya wadudu chini. Na ulitusikia asubuhi tukiimba. Mimi nilikuwa supavaiza, nimesimama mbele na daftari na kalamu, nikiuliza, "Nani ana hitaji la maombi?" Wakasema, wamefumba macho, na mimi nikaandika. Ulidhani naandika ili nisisahau kuwaombea. Hata mimi nilidhani hivyo mwanzoni, na ninakwambia hili nikijidharau, kwa sababu mtu mzima anafaa kujua mkono wake unafanya nini.

Ngoja kwanza nikuambie ni watu wa aina gani tuliokuwa tukiwafanyia kazi, maana wako huko unakoenda pia, wamebadilisha tai tu.

Mkurugenzi alipenda sana neno familia. Kila Desemba alipanda juu ya kreti akasema, "Sisi hapa ni familia," kisha akampa kila mtu pakiti mbili za unga na kalenda yenye picha yake mwenyewe. Ngai, Mungu wangu! Familia gani inayokuandika dakika ukienda choo? Familia gani inakupekua langoni ukienda nyumbani, mpaka ndani ya sidiria, wasije wakakosa njugu tatu? Mimi nina ndugu wabaya, wewe unawajua, lakini hakuna hata mmoja amewahi kunipapasa kwenye mlango wake.

Na wale wakaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo. Walikuja mara moja kwa mwaka na viatu ambavyo havijawahi kuona matope ya Thika, wakaitisha wanawake watano, wakawauliza kama wana furaha. Watano hao tulikuwa tumewachagua sisi, na jibu tulikuwa tumewafundisha wiki nzima. Mimi ndiye niliyewafundisha. "Sema tunasikizwa," nikawaambia. "Usiseme tunasikizana, hiyo itafanya waulize mnasikizana kuhusu nini." Mkaguzi mmoja, mama wa nywele nyeupe, aliona maombi yetu ya asubuhi akatokwa na machozi, akapiga picha. Ile picha iliingia kwenye kijitabu chao cha kuonyesha wateja vile makadamia yao yanachaguliwa kwa upendo. Mimi niko katikati, nimeshika daftari. Nilijipenda sana katika picha hiyo.

Halafu kulikuwa na yule mtaalamu wa ufanisi aliyeletwa kutoka Nairobi. Jina lake silikumbuki, na sikulikumbuka hata alipokuwepo. Alisimama nyuma ya wanawake siku tatu na saa ya kuhesabu sekunde, akawapumulia shingoni, akaandika kurasa arobaini. Aligundua kwamba kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi makosa yanaongezeka upande wa kulia wa mkanda. Pendekezo lake likawa kwamba wanawake wa upande wa kulia wabadilishwe. Kurasa arobaini, mami! Mama aliyekuwa akifagia akainua ufagio akauliza, "Si ni jua hilo? Linawapiga macho." Nikachukua magunia mawili, nikayatundika dirishani, na makosa yakaisha kabla ya chai ya saa nne. Mtaalamu alikuwa ameshaondoka zake na begi lake la ngozi.

Magunia yale nilijivunia miaka mingi. Nimeyasimulia kwenye harusi. Lakini tazama ujinga wangu. Nilielewa vizuri kabisa kwamba jua ndilo lenye makosa, si macho ya wanawake. Mwezi mmoja baadaye nikaulizwa nani aondoke, na dirisha sikuliangalia tena. Niliangalia watu tu.

Kabla sijafika hapo, lazima ujue wale wanawake walikuwa nani kwangu. Nilipopewa usupavaiza, kila mtu wa kanisani alinipenda ghafla. Mchungaji aliniletea majina kwenye karatasi ya ibada. Mjomba wako Kamande alileta shemeji wawili. Chifu alituma mtu. Nami, kwa kutaka kuonekana mtu wa watu, nikajaza mkanda na watu wa kanisa letu, wanawake ambao Jumapili nilikuwa mwenyekiti wao na Jumatatu nilikuwa supavaiza wao. Niliona nimefanya jambo la maana, nimeleta watu ninaowaamini. Mugo, meneja wa wafanyakazi, alilielewa vizuri kuliko mimi. Alijua mtu hawezi kukataa ovataimu akiombwa na yule aliyemshika mkono akilia. Tulifanya ovataimu nyingi kuliko idara yoyote na hakuna aliyewahi kunung'unika. Mugo alikuwa akija kusimama nyuma wakati wa maombi, mikono imefungwa kifuani, akisema amina kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na hakuna maneno matamu kama "tukuombee nini?" Mambo ambayo mtu hamwambii hata dada yake, aliniambia mimi saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.

Wewe ulikuwa darasa la sita. Mabroka walikuwa wamejaa mashambani wakinunua njugu na maganda yake, kiwanda kikawa hakipati za kutosha, na mnunuzi wetu mkubwa akapata nchi nyingine ya bei rahisi. Huenda ni hiyo unayoenda. Hakuna aliyetuambia, sisi tuliambiwa "soko limebadilika" kama vile soko ni mvua. Mugo akaniita ofisini, akanipa kiti, na huyo hakuwa mtu wa kukupa kiti. Akasema, "Mama Wairimu, wewe unawajua watu wako kuliko mimi. Niletee majina kumi na mawili. Wale wasioweza kutufikisha mwisho wa msimu."

Mami, sikiza vizuri. Hakuniambia nifungue daftari. Hilo nililifikiria mwenyewe.

Nilienda stoo ya magunia, nikaketi juu ya kreti, nikalifungua. Kila kitu kilikuwa humo kwa mwandiko wangu mzuri, kila mwanamke na ukurasa wake. Njeri, mgongo. Mama Kimani, mume amelazwa, analala naye hospitalini. Waceke, macho yameanza kuona ukungu. Nyokabi, miezi mitatu, tuombe ishike.

Ndiyo, ni huyo Nyokabi. Auntie Nyokabi wa Murera, wa kuku. Alikuwa amepoteza mimba mbili. Hii ya tatu hakuwa amemwambia hata mama mkwe wake, kwa kuogopa. Alituambia sisi. Nilikuwa nimesimama karibu naye asubuhi hiyo, nikamshika mkono wakati akisema. Halafu nikauachilia ule mkono ili niandike.

Majina kumi na mawili, dakika ishirini. Mugo aliyasoma, akapiga mluzi. "Hii sasa ndiyo menejimenti," akasema. Hakuna aliyefukuzwa, ukiuliza. Wote walikuwa watu wa kandarasi za miezi mitatu mitatu, na miezi ilipoisha hawakuitwa tena, basi. Siku hizi uovu unafanywa kwa usafi, huhitaji hata kupaza sauti. Baada ya muda mfupi nikawa meneja wa shifti. Chumba chako cha kupanga kule Kahawa Sukari ulipokuwa chuoni, kile chenye maji ya moto ulichowaringia wenzako, kilitoka hapo. Wewe huna kosa, ulikuwa mtoto ukila ulichopewa. Nakwambia tu ili usije ukafikiri nilipandishwa kwa sababu ya magunia ya dirishani.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele na daftari nikauliza, "Nani ana hitaji?" Mwishowe mmoja akasema tuwaombee viongozi wa nchi. Mwingine akasema mvua. Siku ya pili, viongozi na mvua. Siku ya tatu, viongozi, mvua na walio safarini. Wanawake arobaini na wanane, mami, na hakuna hata mmoja anayeumwa na jino! Na mimi, mwenyekiti wa wanawake, mtu wa kusoma neno, nikajiambia hawa sasa wamekomaa kiroho. Wameacha ubinafsi. Cheka. Mimi nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Na kile ambacho kilinyamaza kwenye maombi kilinyamaza pia kwenye mkanda. Kulikuwa na mama mmoja ambaye macho yalianza kumchenga kama ya Waceke. Waceke alisema, akaenda. Huyu akajifunza kupapasa njugu kwa vidole, akafunga mdomo wake, akaendelea kupitisha zenye kuvu miezi mitano. Kontena zima likarudishwa kutoka ng'ambo. Mugo alikimbia huku na huku akiuliza kwa nini hakuna aliyeripoti. Aliuliza hivyo mbele ya watu, mami, uso mkavu kabisa. Nilitaka kumcheka, lakini ningejicheka na mimi.

Miaka mitatu baadaye soko "likabadilika" tena na nikaombwa majina tena. Hapo nilikuwa na akili kidogo, si nyingi. Sikuandika. Nilizima mkanda nikawaambia wote mambo yalivyo, hata yale niliyokatazwa kusema, nikatoka nje nikawaachia chumba. Walipiga kelele saa nzima. Nilisikia mtu akitukanwa mpaka babu yake. Walipofungua mlango walikuwa wameamua kila mtu aache siku moja ya kazi kwa wiki na asiondolewe mtu. Mugo akasema hiyo si menejimenti, ni kamati ya harusi. Lakini msimu uliporudi mikono yote ilikuwa pale, hata ile yenye kuuma, na hatukuanza kufundisha watu upya kama idara zingine. Nilifikiri nimesafisha jina. Mtu akifanya jambo moja zuri hujisamehe haraka sana, nimeliona hilo kwangu kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Sasa hilo neno lako la Jumapili mezani. Ulisema mkurugenzi wenu amekwambia usiwe na wasiwasi kwa sababu watu wa kule ni wapole, si kama hawa wa Thika wenye mdomo. Na wewe ukalirudia, ukiwa na kipande cha chapati mkononi, kama habari njema. Sikukujibu kwa sababu wageni walikuwepo. Watu wapole! Unajua nani mwingine alikuwa mpole? Mkanda wangu, wiki ile baada ya majina kumi na mawili. Ulikuwa mkanda mpole kupita yote Kiambu. Anayesifu upole wa watu ambao hajawahi kuwauliza kitu anakwambia vile anataka wakae, na wewe mami ndiye umetumwa uwakalishe. Cheo kizuri, tiketi nzuri, na kazi ni hiyo. Usinikunjie uso, mimi nimeifanya.

Sijui sana mambo ya huko. Lakini utakuta mkanda, utakuta dirisha, utakuta viti ambavyo vimenunuliwa na mtu asiyeketi juu yake. Hayo ukiyaandika, andika mpaka daftari liishe. Kama mtu mgongo unamuuma, kiti kinajua kabla yake. Mimi nilikuwa na kiti mbele yangu na nikaona rahisi kuandika mgongo wa Njeri.

Na kuomba? Omba. Omba nao wakikualika. Mimi bado naomba.

Sasa nifike kwa lile nililokuwa nikizunguka tangu msusi wako aanze msuko wa kwanza.

Unajua Nyokabi alizaa. Mimba ilishika, bila sala zangu nadhani. Akiwa na tumbo lile alikuwa akifua nguo za watu nyumba kwa nyumba hapa Ruiru, mgongo umeinama, mwanamke ambaye daktari alimwambia asiiname. Nilimpelekea unga wa uji na leso mbili. Alinishukuru sana. Muthoni alipozaliwa, Nyokabi akaja hapa nyumbani, akaketi kwenye kiti hiki ninachokalia, akaniomba nisimamie ubatizo wa mtoto. Mimi! Nikakubali. Nilivaa ile suti yangu ya rangi ya zambarau, nikambeba mtoto mbele ya kanisa zima, nikaahidi kumlinda. Tangu hapo Muthoni na mama yake huja kwetu kila Krismasi; Muthoni anakushinda karata, anakula kuku wangu wote, na mimi kila Krismasi nakaa nao meza moja nikijiambia mama yake hajui.

Ijumaa, baada ya wewe kuniomba daftari, nililitoa chini ya godoro nikalifunga kwa gazeti nikaenda Murera. Nilikuwa nimepanga maneno, maneno mazuri, na yote yaliisha langoni. Nyokabi alikuwa akiwarushia kuku mahindi.

"Mama Wairimu," akasema, "mbona unabisha kama mtu wa kuhesabu watu?"

"Nimekuletea kitu."

Nikampa daftari, nimelifungua kwenye ukurasa wake. Alipangusa mikono kwa aproni, akalisogeza mbali kidogo ndipo aone, akasoma. Alisoma muda mrefu kwa kitu chenye mstari mmoja.

"Mwandiko wako ulikuwa mzuri," akasema.

"Nyokabi, mimi ndiye nilipeleka jina lako kwa Mugo. Nililitoa hapo."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ai, Mama Wairimu." Alinitazama vile mtu anatazama mtoto aliyeficha sukari mdomoni. "Siku ile tulikuwa kumi na wawili pale getini. Tukaulizana. Mmoja mgongo, mwingine macho, mwingine bwana amelazwa, mimi tumbo. Kila mmoja alikuwa ameombewa mwezi huo. Hiyo ilitaka mtu mwenye digrii?"

Mami, nilitafuta mahali pa kuketi. Palikuwa na ndoo ya kuku tu, nikaketi juu ya ndoo. Kwa miaka kumi na minne nimebeba siri ambayo wanawake kumi na wawili walimaliza kuifumbua kabla hawajafika stendi. Nilijiona mwerevu mwenye dhambi. Kumbe nilikuwa na dhambi tu, werevu haukuwepo.

"Na ukaniomba nisimamie mtoto?" nikamuuliza.

"Nilitaka uwe unamwona," akasema. "Kila Krismasi. Nilitaka akipanda urefu, umwone akipanda."

Nililia. Hakuniambia ninyamaze. Alienda kuwafungia kuku, akarudi, nikiwa bado nalia. Halafu akaniambia jambo ambalo wewe na binamu zako mnalicheka kila mwaka. Unakumbuka tukizunguka kuomba mezani, ikifika zamu yake husema, "Langu Mungu analijua, amina," nanyi mnapigana viwiko? Nimewahi hata kuwaambia, igeni unyenyekevu wa Auntie Nyokabi. Akaniambia, "Si unyenyekevu. Tangu siku ile sijaomba kwa sauti mahali ulipo. Nikiwa na shida naomba na kuku."

Akaung'oa ukurasa wake. Aliung'oa polepole akifuata mstari wa nyuzi, usiraruke. Akaukunja mara nne akauweka kifuani. "Huu ni wangu," akasema. Zingine alinirudishia, akaniambia zina wenyewe. Kwa hivyo daftari sikupi, mami. Kuanzia Jumanne, ukishafika na kupiga simu, nitaanza kutembea na hizo kurasa. Njeri yuko Makongeni. Waceke haoni tena, itabidi nimsomee. Watanifukuza wengine, na nitaenda hivyo hivyo.

Nilipokuwa natoka, Nyokabi alinisindikiza hadi barabarani. Akaniuliza, "Wairimu naye nasikia anaenda kusimamia wanawake. Ataandika?"

Nikasema sijui.

"Basi nitamuuliza mwenyewe," akasema.

Atakuja kesho alfajiri pamoja na shangazi zako tukuombee kabla ya gari kufika. Atakuvuta kando, pale karibu na tangi la maji, akuulize swali hilo moja. Usimpe majibu ya kompyuta. Usimwambie habari za kuaminiana na timu, ameshazisikia zote nikizisema mimi. Mwambie ukweli, hata kama ukweli ni kwamba hujaamua. Mimi sitakuwa karibu, nitakuwa jikoni na chai, nisikusaidie kudanganya.

Halafu tutasimama duara sebuleni, tushikane mikono, na zamu itazunguka. Shangazi zako watakuombea mpaka utamani ndege ikuache. Ikifika kwa Nyokabi, usifumbe macho. Akisema, "Langu Mungu analijua," beba sanduku lako uende, na ujue amekuona vile alivyoniona. Lakini akifungua mdomo akaomba, kwa sauti, mbele yangu, basi ingia kwenye hilo gari mwanangu bila kugeuka nyuma, kwa sababu mimi nitakuwa nimepiga magoti na sitaki unione.

Mama